Jiwe limetolewa kwa tundu dogo, je, figo imebaki na nguvu?

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa hapa nchini mwenye jiwe kubwa kwenye figo alijua mambo mawili: kupasuliwa ubavuni na kubaki na kovu refu, au kutafuta nauli ya kwenda India. Sasa hali imebadilika. Hospitali kubwa kama ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Benjamin Mkapa jijini Dodoma zimekuwa zikitangaza huduma za kuondoa au kuvunja mawe bila upasuaji mkubwa, na hospitali binafsi nazo hazijabaki nyuma. Ukifungua simu yako leo utakutana na tangazo la kutolewa mawe "bila kupasuliwa" na kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Habari hiyo ni njema. Lakini imekuja na swali ambalo wagonjwa wengi wanatoka nalo kliniki bila kuliuliza: wakinitoboa figo, si itaharibika? Na mzazi naye anajiuliza: mwanangu bado anakua, figo yake itakua sawasawa baada ya kuingizwa vifaa?

Swali hilo ni la msingi na lina jibu. Kwa wagonjwa wengi, tundu lenyewe haliharibu figo kwa kiasi cha kumdhuru mtu, na mara nyingi figo hubaki ilivyokuwa au hufanya kazi vizuri zaidi baada ya jiwe kutoka. Kinachoua figo za watu wengi wenye mawe ni mambo matatu ambayo hayamo kwenye matangazo: kusubiri huku njia ya mkojo imeziba, maambukizi yasiyotibiwa kwanza, na mpira mdogo wa ndani ambao mgonjwa anarudi nao nyumbani kisha anausahau. Ukiyaelewa haya, utajua hofu yako uielekeze wapi.

JIWE LINAVYOIDHURU FIGO

Figo moja ya mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 11, na ndani yake mna vichujio vidogo takriban milioni moja. Vichujio hivyo husafisha damu na kutengeneza mkojo, ambao hukusanyika katikati ya figo na kushuka kwenye mrija mwembamba hadi kwenye kibofu.

Jiwe likikaa ndani ya figo bila kuziba kitu, linaweza kukaa miaka bila maumivu. Likiteremka na kukwama kwenye mrija, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba na vichujio hubanwa. Figo hairuhusu hali hiyo idumu. Majaribio ya zamani kwa mbwa yalionyesha kuwa mrija ukizibwa kabisa kwa wiki moja kisha ukafunguliwa, figo hurejea karibu yote. Ukizibwa wiki mbili, sehemu ya nguvu hupotea na hairudi. Ukizibwa wiki sita hadi nane, karibu hakuna kinachorejea.

Kwa binadamu, jiwe mara nyingi huziba nusu tu, kwa hiyo muda huwa mrefu kidogo. Lakini kanuni ni ileile: kila wiki ina bei yake. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu maumivu makali ya siku za mwanzo huweza kupungua yenyewe wakati jiwe bado limekwama. Mgonjwa anadhani amepona, kumbe figo imechoka kusukuma mkojo. Kutulia kwa maumivu si ushahidi kwamba jiwe limetoka. Ushahidi ni kipimo cha picha.

Jiwe pia linaweza kuharibu figo kwa maambukizi. Mawe mengine hujengwa na bakteria wenyewe, hukua na kujaza figo kama mizizi ya tangawizi. Mgonjwa hutibiwa UTI leo, mwezi ujao tena, na mwezi unaofuata tena, bila mtu kupiga picha kuona kiota cha bakteria hao. Miaka ikipita, figo hugeuka mfuko wa usaha.

NJIA TATU NA JINSI KILA MOJA INAVYOIGUSA FIGO

Tangazo linaposema "bila kupasuliwa", linaweza kumaanisha njia yoyote kati ya tatu. Ni vizuri ujue yako ni ipi.

Ya kwanza ni mawimbi ya mshtuko. Mgonjwa hulala kwenye mashine, mawimbi yanapita kwenye ngozi na kulipasua jiwe, kisha vipande hutoka kwa mkojo. Njia hii ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1980 jijini München, Ujerumani. Haina jeraha la nje, lakini mawimbi yanapopita huichubua figo na mkojo unaweza kuwa na damu kwa siku kadhaa. Inafaa zaidi kwa mawe madogo, kwa kawaida yasiyozidi sentimita mbili, na wakati mwingine inabidi irudiwe. Haifanywi kwa mjamzito, kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, wala kwa mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa.

Ya pili ni kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo, ikapanda kwenye kibofu, mrija na hadi ndani ya figo. Jiwe husagwa kwa leza. Figo haitobolewi kabisa. Hatari yake ni shinikizo la maji yanayotumika kuosha ndani: yakisukumwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, huweza kusukuma bakteria kuingia kwenye damu.

Ya tatu ni kutoboa mgongoni, moja kwa moja hadi ndani ya figo, kwa ajili ya mawe makubwa. Madaktari wa Sweden waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Ndiyo inayotisha watu zaidi, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi kuhusu nguvu ya figo.

TUNDU LINAACHA NINI

Tundu la kawaida la njia hii ya tatu lina upana wa takriban milimita 8 hadi 10. Siku hizi kuna vifaa vidogo zaidi ambavyo tundu lake ni milimita 5 hadi 6. Daktari hachukui kisu akakata figo. Huingiza sindano, kisha huipanua njia hiyo polepole, nyama ya figo ikisogea pembeni. Vifaa vikitoka, nyama hurudi na kuacha kovu jembamba.

Kovu hilo limepimwa. Kuna kipimo kiitwacho DMSA, ambapo mgonjwa huchomwa dawa yenye mionzi kidogo inayoshikwa na nyama hai ya figo, na kamera maalumu huonyesha sehemu zinazofanya kazi na zilizokufa. Katika tafiti zilizopima figo kabla na baada ya kutobolewa, kovu mara nyingi lilikuwa dogo sana, chini ya asilimia 1 ya figo. Kazi ya figo kwa jumla ilibaki palepale au ikapanda, hasa kwa wale ambao jiwe lilikuwa limeziba. Hata kwa wagonjwa wenye figo moja tu, ambao madaktari huwahofia zaidi, matokeo ya wengi yalikuwa ya kuridhisha.

Usishtuke basi ukipimwa kesho yake na kukuta kreatinini imepanda kidogo. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo ikichoka huongezeka kwenye damu. Kupanda kidogo katika siku mbili za kwanza hutokea na kwa kawaida hushuka. Kinachohitaji kufuatiliwa ni kiwango ambacho hakishuki baada ya wiki kadhaa.

Kuhusu mawimbi ya mshtuko, huenda umesikia kwamba yanaleta kisukari na shinikizo la damu. Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 2006, watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani waliowafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 19 walichapisha matokeo yaliyoonyesha uhusiano huo. Baadaye taasisi hiyohiyo ilichunguza wakazi wa wilaya yao wenye mawe, na haikuona kwamba waliopigwa mawimbi walipata shinikizo la damu kuliko wenzao. Kwa hiyo hiyo si sababu ya kukataa tiba. Ni sababu ya kupima presha yako kila mwaka, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kuwa na jiwe anapaswa kulifanya hata kama hakutibiwa kwa mashine.

HATARI ZILIZOPO KWELI

Kusema tundu haliharibu figo si kusema hakuna hatari. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa njia ya kutoboa mgongoni, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 5,800 katika vituo 96 kati ya mwaka 2007 na 2009, ulionyesha kuwa takriban watatu kati ya kila wanne walitoka wakiwa hawana jiwe. Mmoja kati ya kila kumi alipata homa. Takriban sita kati ya kila mia walihitaji kuongezewa damu.

Ukisoma takwimu hizo vizuri utaona mambo mawili. Kwanza, mmoja kati ya wanne anaweza kubaki na vipande, kwa hiyo kauli ya "tumemaliza" inahitaji picha ya kuithibitisha. Pili, damu na homa ndizo zinazostahili maandalizi.

Damu nyingi hupunguza nguvu ya figo, hasa pale inapolazimu kuziba mshipa mmoja wa ndani ili isimamishwe. Hilo huwapata wachache sana, na linaweza kutokea hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani. Ukiona mkojo uliokuwa umesafika unarudi kuwa mwekundu wenye mabonge, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usipande bodaboda kwenye barabara ya mashimo.

Homa huja kwa sababu jiwe lina bakteria. Ndiyo maana daktari makini huagiza mkojo uoteshwe maabara siku kadhaa kabla, ili dawa ichaguliwe kwa bakteria waliopo na si kwa kubahatisha. Kipimo hiki ni tofauti na kile cha kuchovya kijiti, na majibu yake huchukua siku mbili hadi tatu. Wagonjwa wengi hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Hapana, ucheleweshaji huo unalinda figo na uhai.

Hapa kuna kanuni moja ambayo kila nyumba yenye mtu mwenye mawe inapaswa kuijua: maumivu ya ubavuni pamoja na homa na kutetemeka ni dharura ya saa, hata usiku. Maana yake huenda mkojo uliozibwa umeoza. Kinachofanyika wakati huo ni kuutoa mkojo huo kwa mpira, na jiwe hushughulikiwa baadaye. Hospitali ikikwambia "tunaweka mpira kwanza, jiwe baada ya wiki kadhaa", haikufukuzi. Inafuata utaratibu sahihi.

Wapo pia watu ambao figo zao huweza kushuka hata tiba ikifanyika vizuri: wenye kisukari, wenye presha isiyodhibitiwa, waliougua maambukizi mara nyingi, na wale ambao figo zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwao, lengo huwa kuzuia kushuka zaidi. Ni haki yao kuelezwa hivyo mapema.

KREATININI INAWEZA KUKUFICHA UKWELI

Wagonjwa wengi huja na karatasi ya maabara na kusema, "Figo zangu ni nzima, kreatinini iko sawa." Kipimo hicho hupima kazi ya figo zote mbili kwa pamoja. Figo ya kulia ikifa kabisa huku ya kushoto ikiwa nzima, ya kushoto huongeza bidii na kreatinini inaweza kubaki katika kiwango cha kawaida. Karatasi inasema sawa, kumbe umebaki na figo moja.

Ndiyo maana kabla ya kulipia tiba ya jiwe kubwa lililokaa miaka, uliza: figo hii bado inafanya kazi kiasi gani? Ultrasaundi na kipimo cha CT huonyesha unene wa nyama ya figo. Picha ikionyesha nyama nyembamba kama karatasi, kipimo cha mionzi cha kila figo peke yake kinahitajika. Vifaa vyake viko katika hospitali chache. Taasisi ya Saratani Ocean Road ni miongoni mwa zenye idara ya tiba ya nyuklia.

Jibu linabadilisha uamuzi. Figo inayochangia chini ya asilimia 10 ya kazi yote kwa kawaida hairudi hata jiwe likitoka, na madaktari wanaweza kushauri iondolewe kama inaleta maumivu au usaha. Kutumia akiba ya familia kutoa jiwe kwenye figo iliyokwisha kufa ni hasara inayoweza kuepukwa kwa kipimo kimoja.

MPIRA ULIOSAHAULIKA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kuwa habari kuu kila hospitali inapozindua huduma hii.

Baada ya kutoa jiwe, mara nyingi daktari huacha ndani mpira mwembamba, wengine huuita stenti, unaotoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Kazi yake ni kuhakikisha mkojo unapita wakati uvimbe unatulia. Hauonekani nje. Utausikia kwa kukojoa mara kwa mara, kuwashwa na pengine damu kidogo. Kwa kawaida hutolewa baada ya wiki mbili hadi sita.

Usipotolewa, chumvi za mkojo huugandia kama zinavyogandia ndani ya birika la chai. Ukipita miezi kadhaa unaweza kuota mawe kote juu na chini, ukakatika ukivutwa, na ukaziba kabisa njia uliyowekwa kuifungua. Mtu aliyeingia hospitali na jiwe la sentimita mbili anarudi baada ya miaka miwili akiwa na mawe pande mbili na figo isiyofanya kazi. Kilichomharibia figo ni tarehe ambayo hakuna aliyeisimamia, wala si tundu alilotobolewa.

Kwa nini mtu anasahau kitu kama hicho? Mara nyingi hakusahau. Hakuambiwa kwa lugha anayoielewa, au karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa vifupisho vya kitabibu. Au alitoka Songea kwenda Dar es Salaam, maumivu yakaisha, na nauli ya kurudi ikakosekana. Au aliambiwa kutoa mpira kuna malipo yake, naye alidhani alikwisha kulipa yote.

Haya yanaweza kurekebishwa bila mashine mpya. Kila hospitali inayoweka mpira iwe na daftari la majina, namba za simu na tarehe za kutoa, na mtu mmoja mwenye kazi ya kupiga simu. Gharama ya kuutoa ihesabiwe ndani ya malipo ya mwanzo. Na hospitali za rufaa za mikoa zenye kamera ya kibofu zipewe nafasi ya kuutoa, ili mgonjwa asisafiri siku mbili kwa kazi ya dakika chache.

Wewe nawe una sehemu yako. Kabla hujatoka wodini, uliza: "Je, nimewekewa mpira ndani? Unatolewa tarehe ngapi, wapi, na kwa shilingi ngapi?" Andika tarehe hiyo kwenye simu yako na kwenye simu ya ndugu yako mmoja.

KWA MZAZI

Mtoto hupata mawe pia. Mdogo hawezi kukuonyesha ubavu. Atalia akikojoa, atatapika, atapata homa za mara kwa mara, au utaona mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na Pwani, damu kwenye mkojo wa mtoto huhesabiwa haraka kuwa kichocho, na mara nyingi ni kweli. Lakini kama ametibiwa kichocho na damu inaendelea, omba ultrasaundi. Kichocho chenyewe kisipotibiwa huweza kuufanya mrija wa mkojo kuwa mwembamba na kuziba figo vilevile.

Kuhusu hofu ya figo inayokua, tafiti za watoto waliotibiwa kwa mawimbi na kwa matundu madogo zinatia moyo: figo zao ziliendelea kukua, na makovu yaliyoonekana kwenye kipimo cha DMSA yalikuwa machache. Watoto pia husukuma vipande vya mawe kwa urahisi kuliko watu wazima. Tofauti ni kwamba mtoto atahitaji usingizi wa dawa hata kwa mashine ya mawimbi, kwa hiyo tafuta hospitali yenye daktari wa usingizi aliyezoea watoto. Omba pia ufuatiliaji ufanywe kwa ultrasaundi pale inapotosha, ili apunguziwe mionzi.

Na usiishie kwenye kutoa jiwe. Jiwe kwa mtoto mara nyingi lina sababu ya ndani: hitilafu ya maumbile ya njia ya mkojo, au kasoro ya kurithi katika jinsi mwili unavyoshughulikia chumvi na madini. Omba jiwe lililotolewa lipelekwe maabara. Usilichukue kama kumbukumbu ya kabatini.

FEDHA NA BIMA

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na mjadala wa nini kiwemo kwenye kitita unaendelea kugusa familia nyingi. Kwa mgonjwa wa mawe, swali la kuuliza ni pana kuliko "je, bima inalipia kutoa jiwe?" Uliza kama inalipia kuotesha mkojo kabla, picha ya baada, na kutoa mpira. Bima inayolipia chumba cha upasuaji lakini ikaacha haya matatu inalipia nusu ya tiba.

Hesabu ya taifa nayo iko wazi. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ikafuata mwaka 2018. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini figo za kupandikiza ni chache, na mgonjwa asiyepata hubaki na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, maisha yake yote. Mpira uliotolewa kwa wakati ni nafuu kuliko wiki moja ya maisha hayo.

BAADA YA JIWE KUTOKA

Fanya mambo haya, na uyahesabu kuwa sehemu ya tiba.

Rudi kupigwa ultrasaundi kati ya wiki sita na miezi mitatu, hata kama husikii maumivu. Mrija uliopitishwa vifaa, au uliokaliwa na jiwe muda mrefu, unaweza kupata kovu na kusinyaa. Wagonjwa wachache hupata tatizo hilo, na baadhi yao hawasikii lolote. Figo huvimba kimya na kufa kimya.

Pima kreatinini wakati huohuo na ulinganishe na ya kabla ya tiba. Tunza karatasi zote mbili pamoja.

Acha kununua diklofenaki na ibuprofeni dukani kila mgongo unapouma. Dawa hizo husaidia sana maumivu ya jiwe kwa siku chache ukiandikiwa na daktari, lakini zikitumiwa ovyo huidhuru figo iliyokwisha dhoofika. Vivyo hivyo kwa mizizi na unga wa "kuyeyusha mawe" usiojulikana kiasi chake. Mawe mengi ni ya kalsiamu, na hayo hayayeyuki kwa kunywa dawa. Aina inayoweza kuyeyushwa ni ile ya asidi ya yuriki, na hiyo ina dawa yake ya hospitali.

Kunywa maji. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia watu 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Baada ya miaka mitano, miongoni mwa waliokunywa maji mengi kila siku, 12 kati ya mia walipata jiwe tena. Miongoni mwa wengine walikuwa 27 kati ya mia. Kipimo chako ni mkojo: mtu mzima alenge kukojoa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na uwe mweupe au wa njano hafifu. Kama unaendesha bodaboda, unalima au unachoma mikate tanurini, utahitaji kunywa zaidi ya mwenzako wa ofisini. Kama una ugonjwa wa moyo au figo zimedhoofika sana, muulize daktari kiasi kinachokufaa.

Punguza chumvi, na nyama usile kwa kukomoa. Lakini maziwa usiyaache. Wengi huambiwa mitaani kwamba maziwa huleta mawe kwa kuwa yana kalsiamu. Kinyume chake, kalsiamu ya kwenye chakula hushika tumboni zile chumvi zinazotengeneza mawe kabla hazijafika kwenye figo.

Kwa hiyo, ukiambiwa jiwe lako linaweza kutolewa kwa tundu dogo, usikatae kwa kuogopa tundu. Uliza figo hiyo ina nguvu kiasi gani sasa, mkojo wako umeoteshwa, ni njia ipi itatumika na kwa nini, na daktari huyo ameifanya mara ngapi. Kisha uliza kuhusu mpira na siku ya kurudi. Ukipata majibu ya maswali hayo, panga siku ya matibabu iwe karibu.